Pambo la Farasi wa Kabaila: Nani Alilitengeneza?



Wengi wetu hapa Bujumbura, na zaidi wenzetu wa mashamba ya chai kule Teza na Rwegura na wale wa michikichi ya Rumonge, farasi tumemwona kwenye picha tu. Basi huenda mkashangaa kuona safari hii ukurasa wetu wa Kiswahili unaeleza mapambo ya farasi, tena farasi wa Ulaya wa miaka mia saba iliyopita. Tunawaomba mvumilie. Pambo lile lilitoka mikononi mwa mafundi, mafundi wale walikuwa na tajiri, na tajiri yule alikuwa na mambo ambayo mtayatambua bila kuelezwa mara mbili.

Kwanza pambo lenyewe. Katika mashamba ya Uingereza, mtu akilima, au akipita na ile mashine inayolia ikigundua chuma ardhini, mara nyingi huokota kipande kidogo cha shaba, upana wake sentimita tatu au nne. Kimoja kina umbo la ngao, kingine ni duara, kingine kimekatwa kama ua lenye majani manne. Juu kina tundu la kuning'inizia. Kikioshwa udongo huonekana alama: simba, ndege, msalaba, ua, au mistari mitupu. Pengine utaona chembe ya rangi nyekundu au ya buluu bado imeshika kwenye pembe, na mng'ao mdogo wa dhahabu. Tangu mwaka 1997 nchi ile ina mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na raia, na vipande vya namna hii vilivyokwisha kuandikishwa ni maelfu.

Vilikuwa vinaning'inizwa kwenye mikanda ya farasi: kifuani, kichwani, na ule mkanda unaozunguka nyuma. Farasi akitembea vinatikisika, vinapigwa na jua, vinalia kidogo. Vilianza kutumika kwa wingi katika karne ya 12, vikashamiri karne ya 13 na ya 14, kisha vikapungua katika karne ya 15. Alama zilizochorwa juu yake mara nyingi zilikuwa nembo za makabaila, yaani wenye ardhi na wenye watu. Mfalme wa Uingereza alikuwa na simba watatu wa dhahabu juu ya nyekundu. Mfalme wa Ufaransa alikuwa na maua ya dhahabu juu ya buluu. Kila ukoo mkubwa ulikuwa na lake. Si bwana peke yake aliyevitia kwenye farasi wake. Watumishi wa nyumba yake nao walipanda farasi wenye nembo ya bwana, ili njiani watu wajue huyu ni wa nani na wampishe. Leo gari la kampuni huandikwa jina la kampuni mlangoni. Jambo ni lile lile.

Tuseme kweli, viko pia vipande visivyo na nembo ya mtu yeyote, vya shaba nyepesi na urembo wa kawaida. Hivyo vilinunuliwa na watu wa hali ya kati waliotaka farasi wao naye apendeze. Tamaa ya kung'ara haikuwa ya makabaila peke yao.

Kwa nini vimepotea vingi hivyo mashambani? Kwa sababu tundu huliwa na msuguano, ribiti hukatika, pambo huanguka kwenye matope. Kabaila hakushuka kuliokota. Atapata jingine.

KAZI YENYEWE

Sasa tuingie karakana. Shaba nyekundu tupu ni laini na haimiminiki vizuri kwenye kalibu, kwa hiyo mafundi waliichanganya. Ukitia bati unapata shaba ngumu ya kengele na sanamu. Ukitia zinki unapata shaba ya manjano, inayofanana na dhahabu. Lakini Ulaya ya wakati ule haikujua kuitoa zinki peke yake. Walichukua jiwe lenye zinki ndani yake, wakalisaga, wakalifungia ndani ya chungu kimoja na vipande vya shaba na makaa, wakakoka moto kwa saa nyingi. Mvuke wa zinki haukupata pa kutokea, ukaingia ndani ya shaba.

Mji uliojulikana kuliko yote kwa kazi hiyo ya shaba ni Dinant, ukingoni mwa mto Meuse, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Mpaka leo Wafaransa wakitaja vyombo vya shaba vya kufuliwa hutumia jina la mji huo. Sisi Warundi tuliwajua Wabelgiji kama watawala, kuanzia vita vya 1916 mpaka uhuru wa 1962, na wazee wetu waliwabebea mizigo na kuwatengenezea barabara. Huko kwao nako walikuwapo watu wa makaa na mvukuto, waliozeeka kwa moshi. Mwaka 1466 jeshi la watawala wa Burgundy liliuvunja mji wa Dinant, na mafundi waliosalia wakatawanyika miji mingine na ujuzi wao kichwani.

Shaba ikishakuwa tayari, fundi huchonga mfano, huugandamiza kwenye udongo au mchanga wenye unyevu uliofungwa ndani ya fremu mbili, huutoa, kisha humimina shaba iliyoyeyuka katika nafasi iliyobaki. Mliowahi kuona mafundi wetu wakiyeyusha vyuma vibovu vya alumini na kutoa sufuria mnajua jinsi inavyofanyika. Mchanga ukiwa na maji mengi shaba huruka usoni. Ukiwa mkavu mno kalibu hubomoka. Kitu kikipoa hukatwa mikia, hupigwa tupa, hutobolewa, hung'arishwa.

Penye rangi, fundi huchimba vishimo vidogo kwenye uso wa shaba, hujaza unga wa kioo wa rangi anayotaka, kisha huurudisha motoni mpaka kioo kiyeyuke na kushikamana. Ndiyo maana nyekundu ile bado ipo baada ya miaka mia saba chini ya ardhi.

Penye dhahabu ndipo tunapotaka mtulie. Dhahabu haikupakwa kwa brashi. Iliyeyushwa ndani ya zebaki, ile madini ya majimaji inayokimbiakimbia mkononi, ikawa kama siagi. Fundi aliipaka ile siagi juu ya shaba, akaishika juu ya makaa. Zebaki ikaruka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Na ule mvuke ulikwenda wapi? Ulikwenda kwenye mapafu ya fundi na ya mtoto aliyevuta mvukuto. Daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa mwaka 1700 kitabu kizima juu ya maradhi yanayotokana na kazi, na ndani yake aliwaeleza wapaka dhahabu: mikono inatetemeka, meno yanalegea, mwendo unapotea, wachache wanaofika uzeeni. Wakati anaandika, kazi ile ilikuwa imekwisha fanywa hivyo kwa karne nyingi, na hakuna kabaila aliyesimamisha farasi wake kuuliza.

Msidhani mambo hayo yamekwisha. Wachimba dhahabu wadogo katika nchi zetu za Maziwa Makuu bado wanashika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma juu ya jiko, pengine jiko lile lile la kupikia ugali, kwa kanuni ile ile ya kale: zebaki iruke, dhahabu ibaki. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika mkataba wa Minamata, kupunguza matumizi ya zebaki. Mkataba ni mzuri. Lakini ndugu aliye shimoni anahitaji mtu wa kumfikishia habari, kwa lugha anayoijua, kwamba ule moshi mweupe unaua polepole.

SHABA YA HUKU KWETU

Msomaji anaweza kuuliza: na huku, farasi walikuwa wapi? Waethiopia wa milimani walikuwa nao, na wakubwa wao waliwapamba farasi na nyumbu kwa fedha na shaba. Masultani wa Zanzibar walikuwa nao, walioletwa kwa jahazi kutoka Uarabuni. Lakini katikati ya Afrika farasi hadumu. Mbung'o humwambukiza ugonjwa wa nagana, na kuna ugonjwa mwingine wa farasi unaoletwa na vijidudu vidogo vinavyouma usiku. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa Kingaru, bado hawajafika mbali na pwani. Ile siku yeye na Livingstone walipofika Mugere, kusini mwa mji wetu, tarehe 25 Novemba 1871 kama jiwe la pale linavyosema, walikuja kwa mtumbwi wakitokea Ujiji. (Wako watu wanaodhani Mugere ndipo walipokutana mara ya kwanza. Walikutana Ujiji, majuma mawili kabla.)

Farasi walikufa, lakini shaba ilifika. Mizigo ya Stanley ilikuwa na nguo, shanga, na nyaya nene za shaba ya manjano zilizokunjwa duara, ambazo wasafiri wa misafara waliziita masango. Yeye mwenyewe aliandika kwamba katika nchi za ng'ambo ya Tanganyika waya huo ulihesabiwa kama dhahabu. Ulibebwa na wapagazi kwa miguu kutoka pwani, mwendo wa miezi. Kwa Kirundi tunaiita umuringa, na katika nyumba kubwa iligeuzwa kuwa bangili za mikono na za miguu, nzito, zinazolia mtu akitembea. Ulaya bwana alimpamba farasi. Huku palipambwa mwili wa mtu. Hata mbwa wa kuwinda alipata haki yake, kengele shingoni.

Wala shaba haikuanza kufika kwa misafara ya pwani. Yapata kilomita mia sita kusini-magharibi mwa Bujumbura, mahali panapoitwa Sanga, kando ya ziwa Kisale kwenye mto Lualaba huko Katanga, wataalamu walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na wakarudi tena baadaye. Walikuta watu waliozikwa kati ya karne ya 8 na ya 13, yaani wakati kabaila wa Ulaya naye anaanza kupamba farasi. Wamelazwa na vyungu vizuri, na miili yao imevikwa bangili, mikufu na minyororo ya shaba iliyosokotwa kwa ustadi wa ajabu. Watoto wadogo walizikwa na mapambo kama watu wazima. Makaburi ya baadaye yana vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha. Shaba yenyewe haikuchimbwa pale. Ilitoka kwenye migodi ya kusini, safari ndefu.

Huko migodini walikuwapo watu waliojulikana kama wala shaba. Walikuwa chama cha wayeyushaji, chenye wakubwa wake, siri zake na mashariti ya kuingia. Walifanya kazi wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakajenga tanuru kutoka udongo wa vichuguu, wakapuliza mivukuto usiku na mchana. Katikati ya karne ya 19 alikuja Msiri kutoka Unyamwezi na watu wake Wayeke, na hao walijulikana kwa kuvuta waya: wanafua kipande cha shaba kiwe chembamba, wanapenyeza ncha kwenye tundu la bamba la chuma, watu wanaivuta kwa nguvu zao zote, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, mpaka waya uwe mwembamba wa kutosha kuzungushwa mkononi. Jaribuni kufikiri ni jasho kiasi gani lilikuwa ndani ya bangili moja.

Katika makumbusho ya taifa kule Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, vimewekwa vitu vya enzi ya Bami. Mwenye nafasi ya kupita aingie. Ataelezwa Mwami alikuwa nani. Aulize pia mhunzi alikuwa nani, yule umucuzi aliyekaa mbele ya moto, maana huyo hatajwi mpaka aulizwe.

MADUKA YALIPOFUNGWA, 1327

Turudi Ulaya, katika mji wa London, kwa mafundi wa vyuma vya farasi. Walikuwa na jina lao la kazi, lorimer, watu wa lijamu, vikuku na vifaa vyote vya chuma na shaba vya matandiko. Mwaka 1261 walipata kanuni zao za kazi. Paris nako, mnamo mwaka 1268, ofisa wa mfalme aitwaye Étienne Boileau aliandika katika kitabu kimoja kanuni za kazi karibu mia moja za mji ule, na watu wa lijamu wamo.

Sasa tandiko la farasi halitengenezwi na mtu mmoja. Seremala anachonga mbao za ndani. Fundi wa vyuma anatengeneza lijamu, pete, bizimu na mapambo. Mpaka rangi anapaka na kuchora nembo. Halafu yupo fundi wa ngozi, mtengeneza tandiko, anayekusanya vyote, anavishona pamoja, na kuweka tandiko dukani mbele ya mnunuzi. Hapo mwanzo wote wanne walikuwa mafundi sawa. Lakini huyu wa mwisho ndiye aliyekaa karibu na fedha ya kabaila. Polepole akaacha kushika sindano, akawa mfanyabiashara. Wale watatu wakabaki kumpelekea vitu vyao na kungoja.

Mwaka 1327 Uingereza ilikuwa na msukosuko. Mfalme Edward wa pili alikuwa ameondolewa na mwanawe wa miaka 14 amewekwa mahali pake. Mwezi wa Mei, mitaani London, mafundi wa vyuma, maseremala na wapaka rangi walipambana na watengeneza matandiko. Damu ilimwagika, mji ukataharuki, na jambo likapelekwa mbele ya meya na wazee wa mji. Maelezo ya pande zote mbili yaliandikwa, ndiyo maana tunaweza kuyasema leo.

Wale wa kazi ndogo walishitaki hivi. Kwamba watengeneza matandiko wamekula njama, wamekataza fundi yeyote wa kazi hizo tatu asimwuzie mtu mwingine bidhaa yake, ila wao tu. Kwamba wamechukua vitu kwa mkopo na deni limekuwa kubwa. Na kwamba fundi akienda kudai haki yake, anatukanwa na kupigwa.

Wale matajiri nao walishitaki. Wakasema mafundi wa kazi hizi tatu wamekula kiapo pamoja: fundi mmoja wao akikosana na mtengeneza matandiko yeyote, wote watafunga maduka na kuacha kazi mpaka mwenzao atendewe haki.

Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulicheka. Miaka mia saba! Upande mmoja unashitaki njaa na deni na kipigo. Upande wa pili unashitaki umoja. Na angalieni kwamba waliosimama pamoja hawakuwa wa kazi moja. Seremala hana ugomvi wa shaba, na mpaka rangi hashiki nyundo. Waliunganishwa na mtu mmoja aliyekuwa akiwalipa wote watatu vibaya.

Hatutawapamba kupita kiasi. Mafundi wale walikuwa wenye karakana, na chini yao walikuwapo wanagenzi waliofanya kazi miaka mingi kwa chakula na mahali pa kulala, na hakuna aliyeandika maneno ya wanagenzi mwaka 1327. Kile chama chao cha London bado kipo hata leo, lakini ni jumuiya ya heshima, karamu na misaada. Lijamu zinatengenezwa na wengine. Vyama huzeeka vikasahau vilizaliwa kwa nini. Nasi wa sendika tusijifanye hatuambiwi.

MILANGO YA BUJUMBURA

Tembea leo katika mitaa ya juu ya mji huu utazame milango ya chuma ya nyumba kubwa. Juu kuna ncha za mikuki. Katikati kuna maua yaliyokunjwa, au ngoma, au kichwa cha simba kilichopakwa rangi ya dhahabu. Simba yumo kwenye nembo ya taifa letu tangu 1966, pamoja na mikuki mitatu, kwa hiyo hatushangai kwamba kila mwenye fedha anamtaka mlangoni. Ni lile pambo la kifua cha farasi, ila sasa limekuwa kubwa na halitembei.

Milango mingi ya namna hiyo hutoka kwa mafundi wadogo, na Buyenzi wamo wengi. Ukipita asubuhi unasikia nyundo kabla hujaona mtu. Wanachomelea barabarani, wengine na miwani ya jua ya sokoni badala ya kinyago, na jioni macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Wanaweka viazi vilivyokatwa juu ya kope ili wapate usingizi. Tumewaambia mara nyingi kwamba kiazi hakizuii jicho kuharibika, kinyago ndicho kinachozuia. Wanajibu: kinyago kwa fedha ipi?

Mwaka jana tuliitwa na baadhi yao. Tajiri mmoja wa ujenzi, ambaye hapa hatumtaji, alikuwa anawapa vyuma, wanatengeneza milango na madirisha, anachukua. Kwa kuwa vyuma ni vyake alisema hawana ruhusa ya kumfanyia kazi mtu mwingine. Malipo yalikuja kwa vipande: kidogo sikukuu, kidogo mtoto wa fundi akiugua, kama zawadi. Mmoja wao, mzee wa kuheshimiwa, aliyekuwa hajalipwa milango sita, alikwenda kuuliza akaambiwa na mlinzi kwamba bwana yuko safarini. Gari la bwana lilikuwa ndani ya ua. Aliliona kupitia mlango ambao yeye mwenyewe aliutengeneza.

Tulikaa nao jioni tatu nyuma ya msikiti mmoja. Jioni ya kwanza walikuwa wachomeleaji peke yao, na kila mtu alikuwa na lawama kwa mwenzake: huyu alikubali bei ndogo, yule alipeleka mlango usiku ili alipwe wa kwanza. Jioni ya pili tuliomba waje na maseremala waliotengeneza milango ya ndani ya nyumba zile zile, na vijana wa rangi. Hapo ndipo hesabu ilipoonekana. Tuliandika katika daftari la shule, kila mtu amefanya nini, lini, amelipwa nini. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Walikumbuka kwa vidole na kwa misiba: "ule mlango wa juma alilokufa mama." Tuliandika hivyo hivyo.

Jioni ya tatu walikubaliana jambo moja dogo. Kazi inayofuata haitoki karakana kabla ya nusu ya bei kuwekwa mezani, na seremala na mpaka rangi nao hawataingia kwenye nyumba ile mpaka mchomeleaji awe amepata nusu yake. Hatukutaja kiapo, wala kugoma. Wao wenyewe ndio walioliita jambo hilo "kungoja".

Walingoja siku kumi na moja. Nyumba ilikuwa haina mlango wa nje, na mwenye nyumba, aliyemlipa tajiri fedha kamili, akaanza kupiga simu. Siku ya kumi na mbili nusu ikaja. Madeni ya zamani yamelipwa kwa baadhi, si kwa wote. Yule mzee wa milango sita amepata mitatu. Wawili kati ya vijana wa rangi hawakuitwa tena, na sasa wanafanya kazi Kamenge kwa mtu mwingine, bei si mbaya.

Daftari liko kwetu ofisini, kurasa ishirini na mbili zimejaa. Wenzetu wa viwanda vyenye mkataba na mshahara wa mwezi mnaweza kuona haya ni mambo ya mtaani. Lakini wengi wenu mna ndugu au mtoto pale Buyenzi, na wengine wenu mkipunguzwa kazini mtakwenda kuchomelea pale pale. Wachomeleaji, maseremala na wapaka rangi watakutana tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri. Mwenye kazi ambayo hajalipwa aje, na kama ana karatasi, hata kipande cha pakiti ya sigara kilichoandikwa vipimo vya mlango, akilete.